Mashine Inayoitika

Mdogo wangu aliingia dukani kwangu amekumbatia kompyuta yao kama mgonjwa wa kubebwa, na nyuma yake akaja mkewe ameshika waya. Hapohapo nikajua kuna kesi. Mtu mmoja akileta mashine, mashine imeharibika. Wakija mke na mume pamoja, mmoja na boksi, mwingine na waya, hiyo ni ndoa, na mimi natengeneza kompyuta tu.

Nazitengeneza, naziunda na kuziuza, na nawajua watu wa mtaa huu kwa undani kuliko daktari wao, maana hakuna anayejua uchafu wa mtu kama aliyefungua kompyuta yake. Nimekuta mende. Nimekuta wali mkavu. Niliwahi kukuta pete ya ndoa ndani ya feni, nikamrudishia mke wa mwenye mashine bila maelezo yoyote, na mpaka leo yule bwana akiniona anavuka barabara.

Huyu mdogo wangu ndiye kitinda mimba wetu. Anapiga video za harusi, na jina lake la kazi ni Dairekta, alilojipa mwenyewe siku aliyonunua kofia. Mkewe, wifi yangu, anachora ramani za majengo. Wote wawili walikuwa wakitumia kompyuta hiyohiyo moja, kwenye chumba kidogo kilichobanwa kati ya jikoni na bafu, kwa zamu.

"Imekufa?" nikauliza.

"Inakata roho," akasema Dairekta.

"Inanidharau," akasema wifi. "Nikibonyeza, inafikiria kwanza kama nastahili kujibiwa."

Niliifungua, nikapuliza vumbi, nikaona mambo yalivyo. Ilikuwa imezeeka, basi. Ningeweza kuisukuma wiki chache zaidi, lakini walihitaji mpya, na uwezo wao ulikuwa wa mashine moja tu. Nikawawekea prosesa mbili juu ya meza. Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta, kadude kadogo kanakoenea kiganjani. Ya kwanza ilikuwa na viini kumi na sita ndani yake. Ya pili ilikuwa na viini sita tu, ila kila kimoja kinakimbia kwa kasi kuliko vya mwenzake. Bei ileile.

Nikawaeleza kama ninavyowaeleza wote. Kiini ni mfanyakazi. Video ya harusi ni kazi ya kugawana: huyu ashughulikie bibi harusi anavyoingia, huyu keki, huyu mjomba aliyelewa anayecheza peke yake mbele ya spika. Wakiwa kumi na sita, kazi inakwisha upesi. Ramani ya jengo haigawanyiki hivyo. Paa linasubiri kujua ukuta umeishia wapi, ukuta unasubiri msingi, mstari unasubiri mstari. Kwa hiyo kiini kimoja kinafanya kazi na vilivyobaki vinaangalia, kama sisi kwenye vikao vya ukoo. Hapo idadi haisaidii kitu. Hapo unataka huyo mmoja awe na mbio.

Dairekta alisikia kumi na sita. Baada ya hapo hakusikia tena.

"Kumi na sita kwa sita, dada? Hiyo hata mechi si mechi!"

Wanaume na namba kubwa! Nimeuza kompyuta muda wa kutosha kujua kwamba mwanamume akiona namba kubwa kwenye boksi anadhani ni sifa yake mwenyewe.

"Na wewe, wifi?" nikauliza.

"Mimi mambo ya viini siyajui," akasema. "Nataka nikiita, niitikiwe."

Alikuwa na sababu. Kwa miaka mingi wifi alichora ofisini kwa bosi mmoja mwenye tumbo na tai. Wifi alichora majengo, bosi akaandika jina lake yeye pembeni mwa michoro, kwenye kile kisanduku cha kuonyesha nani kachora. Mwaka huu ndio kwanza alikuwa amepata kazi yake mwenyewe, jengo la kliniki ya akina mama wajawazito. Kamati ya kliniki ilitaka michoro yote mwisho wa mwezi. Ikichelewa, kazi inakwenda kwa yule bosi, na yule bosi, kwa ungwana wake wote, alikuwa amempigia simu kumwambia kiti chake bado kipo. Wifi aliponisimulia habari za hicho kiti, alikuwa akiusokota ule waya mkononi mpaka nikamnyang'anya.

Basi hawakuafikiana. Na kwa kuwa kwetu mtu hawezi hata kubadilisha godoro bila mama kujua, kesi ikapelekwa kwa mama.

Mama yetu ni mjane mwenye afya njema na maoni juu ya kila kitu. Alitukalisha sebuleni kwake, chini ya lile feni linalogonga kila likizunguka, akamsikiliza mwanawe mpaka mwisho, akamsikiliza mkwewe nusu, mimi hakunisikiliza kabisa.

"Wengi wape," akasema mama.

"Ndiyo, mama!" Dairekta akarukia. "Kidole kimoja hakivunji chawa."

Nikaona leo tumeingia kwenye mashindano. "Manahodha wengi," nikasema, "chombo huenda mrama."

"Haraka haraka haina baraka," mama akanijibu bila hata kupumua.

Wifi muda wote alikuwa ameweka mikono mapajani kama inavyotakiwa. Akasema kwa upole, "Ngoja ngoja huumiza matumbo, mama."

Mama akamgeukia kwa matumaini makubwa. "Tumbo? Una mimba?"

"Hapana, mama. Nina kliniki."

Basi huruma ya mama ikaishia hapo. Akatoa hukumu: mwanawe achukue ile yenye viini vingi, na mkwewe avumilie, kwani yeye mwenyewe amevumilia mangapi. Mimi nikasema hukumu nimeisikia lakini fundi cherehani hakati kitambaa kabla hajampima mtu. Mashine naiunda mimi. Nitakwenda kwao kwanza, niwaone wote wawili wakifanya kazi, ndipo niamue. Mama alinung'unika kwamba aliniachia sana nilipokuwa mdogo.

Nikaenda Jumatatu, na begi la vifaa na ile mashine yao ya zamani, nikapewa stuli kwenye kile chumba. Dairekta ndiye aliyeanza. Kwa kawaida video yake ikiwa tayari anabonyeza kitufe cha kuitoa nzima wakati anakwenda kulala, akiamka anaikuta. Siku hiyo akaamua kufanya mchana, makusudi, ili nishuhudie mateso yake.

"Tazama sasa," akasema. Akabonyeza. Kwenye kioo kukatokea mstari wa kijani unaotambaa. "Unaona? Unaona maisha yangu yalivyo?"

"Naona. Kwa kawaida inachukua muda gani?"

Akakuna kidevu. "Mh. Sijui. Nikirudi huwa imeisha."

Tukaungoja ule mstari pamoja. Dairekta akapiga miayo. Akasogea kwenye kochi pale mlangoni ili ateseke vizuri, akavua viatu, akalaza kichwa, na kabla mstari haujafika nusu alikuwa anakoroma mdomo wazi. Mstari ukaendelea, ukafika mwisho, mashine ikalia kengele yake, naye hata kope haikutikisika. Nikamwacha. Alipoamka mwenyewe akauliza kwa hasira, "Bado tu?"

"Imeisha zamani," nikamwambia. "Pole na mateso."

Ikaja zamu ya wifi. Akakaa, akabonyeza ili faili la kliniki lifunguke, na kabla hajauondoa mkono kwenye kipanya alikuwa ameshainuka. Nikadhani anakwenda kujisaidia. Nikasikia bomba linafunguliwa jikoni. Akarudi anajifuta mikono kwenye sketi, akakaa, na wakati makalio yake yanagusa kiti, jengo likatokea kwenye kioo. Wala hakushangaa. Akaligeuza ili alione kwa upande wa nyuma, akainuka tena, akaja na nguo za shule za mtoto wao, binti ambaye tangu meno ya mbele yang'oke tunamwita Kibogoyo, akazikunja amesimama. Ya mwisho ilipokunjwa, jengo likawa limegeuka.

"Wifi," nikasema, "unajuaje muda wa kurudi?"

Akacheka kama mtu aliyeulizwa anajuaje kupumua. "Nimezoea tu. Kufungua faili ni vikombe vya asubuhi. Kugeuza jengo ni nguo za Kibogoyo. Kuhifadhi kazi, hapo napata nafasi ya kubandika maharage na kuchambua mchele. Nikiliomba likokotoe paa, nafagia uani."

"Na ukimaliza kazi ya ramani, unafanya za nyumbani?"

"Za nyumbani zipi tena? Si zimeisha?" Akafikiri kidogo. "Angalau sikai bure nikisubiri."

Nilikasirika. Nasema wazi, nilikasirika mpaka bisibisi ikanidondoka. Nimekaa kwenye nyumba ile mara nyingi nikila maharage yale, nikiusifu usafi wake, nikidhani ni nyumba yenye bahati. Kumbe nyumba nzima ilikuwa inaendeshwa kwenye nyufa za kompyuta mbovu. Na kila akirudi kitini ilimlazimu akumbuke tena alikuwa anachora nini. Niliona mwenyewe anavyokodoa macho, anavyonyoosha kidole kwenye kioo akiutafuta ule mstari aliouacha, mkono bado una povu.

Wakati huo mdogo wangu alikuwa kwenye kochi anatafuta kiatu cha pili.

Jioni hiyohiyo tukaenda wote kwa mama, nikatoa hukumu yangu. Naunda yenye kasi. Wifi akishakabidhi michoro, Dairekta akiona hairidhishi, aniletee, nitambadilishia awapate hao kumi na sita wake.

"Umemtupa ndugu yako," akasema mama.

"Mama, huyu akisubiri analala. Mwenzake akisubiri anafua. Nani kati yao anahitaji haraka?"

"Mimi nilifua maisha yangu yote," akasema mama, "bila kompyuta."

Lakini Dairekta, aliposikia neno kubadilishiwa, akatulia, kwa sababu moyoni alishaona mwisho wa mwezi uko karibu na kumi na sita wako njiani. Akasema yeye si mtu wa makuu. Alisema hivyo akiwa amevaa kofia.

Nikaiunda kwa mikono miwili na moyo mmoja. Nilipoipeleka na kuiwasha, wifi akakaa, akabonyeza faili la kliniki, na kwa mazoea akainuka hapohapo akashika kikombe. Alikuwa amefika mlangoni alipogeuza shingo. Jengo lilikuwa limeshafunguka, zima, na paa lake. Alisimama pale mlangoni na kile kikombe kwa muda, anatazama kioo, anatazama jikoni, anatazama kioo. Kisha akarudi, akakiweka kikombe juu ya meza kikiwa kichafu vilevile, akakaa.

Akaligeuza jengo. Likageuka. Akaliomba paa. Paa likaja. Akanitazama, macho yamejaa maji, akasema, "Wifi, inaitika." Nikajifanya nakaza skrubu iliyokwisha kukazwa, maana mimi si mtu wa kulia kwenye nyumba za wateja.

Zikapita siku. Sikusikia kitu, nikahesabu ni heri. Halafu asubuhi moja, wiki ileile ya kukabidhi michoro, Dairekta akaingia dukani peke yake, bila kofia. Shati lake lilikuwa limejikunja kana kwamba limetolewa mdomoni mwa ng'ombe.

"Dada, ile mashine ina tatizo."

"Inazima yenyewe?"

"Hapana."

"Inapata moto? Inapiga kelele?"

"Hapana. Kimya kabisa."

"Video zako zinachelewa kutoka?"

Akakuna kidevu kilekile. "Sijui. Nikiamka huwa imeisha."

"Sasa tatizo ni nini?"

Akatazama nyuma kuhakikisha hakuna mteja karibu, akaniinamia. "Hainuki."

"Nani hainuki?"

"Wifi yako! Anakaa asubuhi, hainuki. Vikombe vimejaa mpaka tunanywea kwenye bakuli. Juzi maharage yameungua mpaka jirani kabisha hodi. Soksi sijui ziko wapi. Kibogoyo kaenda shule amevaa sketi ya jana, mwalimu kaandika. Nikimuuliza, ananiambia, 'Nakuja, namalizia hapa,' na haji, dada, haji! Zamani alikuwa anachora na nyumba inang'aa. Hiyo mashine yako imemharibu."

Nilimsikiliza mpaka mwisho. Kuna raha fulani ya kumsikiliza mtu akijichimbia kisima kwa koleo lake mwenyewe.

"Kwa hiyo unataka nikubadilishie sasa hivi? Kabla hajakabidhi?"

"Hapana, hapana, asije akanielewa vibaya." Akashusha sauti zaidi. "Nimesikia hivi vitu vinaweza kupunguzwa kasi. Huwezi kuipunguza? Kidogo tu. Asijue. Apate tu nafasi ya kuinuka inuka."

Nilicheka mpaka mteja aliyekuwa anachagua chaja akaahirisha. Nilicheka, na katikati ya kicheko nikagundua kwamba sicheki tena. Kwa sababu ndiyo, inawezekana. Unaingia kwenye mipangilio, unashusha kasi ya prosesa, unatoka, na mtumiaji hatajua kamwe. Ataona tu kwamba mambo yamerudi kama zamani. Atainuka, ataosha kikombe, na mwisho wa mwezi utamkuta paa bado, na kiti cha yule bosi kinamngoja, kimefutwa vumbi.

"Twende nyumbani kwako," nikamwambia.

"Utaipunguza?"

"Twende kwanza."

Akafurahi. Njiani akaniambia ameshampigia na mama aje, ili tukiwa wengi wifi asilete ubishi. Wengi wape, alisema.

Mama alikuwa amefika kabla yetu. Tulimkuta jikoni amesimama mbele ya sinki, mkoba bado begani, anatazama ule mlima wa masufuria kwa uso wa mtu aliyefika msibani bila kuambiwa nani amekufa. Hakutusalimia. Akageuka, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kile chumba, nasi nyuma yake, Dairekta akinifinya mkono kwa furaha.

"Mkwe!" mama akaanza. "Nyumba gani hii?"

"Shikamoo, mama," wifi akasema bila kugeuka. "Kaa hapo kwenye stuli, namalizia hapa."

Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumwambia mama yangu akae, angoje. Alishangaa kiasi kwamba alikaa. Akakaa na mkoba mapajani, midomo imekaza, anaandaa maneno. Na wakati anayaandaa, macho yake yakaangukia kwenye kioo. Wifi alikuwa anatembea ndani ya jengo, korido baada ya korido, milango inapita kushoto na kulia.

"Hapo ni wapi?" mama akauliza, kwa sauti ya kutotaka kujua.

"Ndiyo kliniki, mama. Hiki ni chumba cha akina mama kusubiria."

Mama akasogeza shingo. "Mbona giza?"

"Upande huu niliweka ukuta mzima. Ni rahisi kujenga."

Mama akasema, si kwa wifi wala kwetu, "Huyu kitinda mimba wangu nilimngojea kwenye korido ya namna hiyo. Benchi, ukuta, basi. Uchungu unakuja, unaondoka, huna hata pa kutazama. Nilikuwa natazama mgongo wa mwanamke aliye mbele yangu. Mpaka leo nalijua lile gauni lake." Akaupiga mkoba wake kofi dogo. "Weka dirisha."

Wifi akabonyeza. Ukuta ukafunguka, dirisha likatokea, na mwanga ukaanguka kwenye sakafu ya chumba kile ambacho bado hakijajengwa.

"Tayari?" akauliza mama.

"Tayari."

"Liko juu mno. Mtu amekaa, ana tumbo, ataona mbingu tu. Lishushe."

Dirisha likashuka.

"Lipanue. Hivyohivyo. Weka na lingine kule kwa yule atakayekuwa mwisho wa benchi."

Kila aliposema, likawa. Mama akajikuta amesogeza stuli mpaka bega lake likagusa bega la mkwewe, kidole chake kinaonyesha kioo, kinaacha alama. Wifi alichora, mama akabisha, wifi akarekebisha, mama akasema "hapo sasa." Nilikuwa nimesimama mlangoni na begi langu la vifaa na sijawahi kuipenda kazi yangu kama dakika zile.

"Ile mashine ya zamani," mama akauliza, "hii ingechukua muda gani?"

Wifi akafikiri kwa uaminifu. "Masufuria, mama."

"Mangapi?"

"Yote."

Mama akageuka polepole, akamtazama kitinda mimba wake aliyesimama mlangoni na shati lake la mdomo wa ng'ombe. Dairekta naye akanitazama mimi, akanikonyeza kwamba huu sasa ndio wakati, nitoe bisibisi.

"Dada yuko tayari, mama," akasema. "Amekuja kuipunguza ka—"

"Nimekuja kusalimia tu," nikasema. "Mashine ni nzima. Nyumba ndiyo yenye viini viwili, na kimoja kinakoroma kwenye kochi."

Dairekta akafungua mdomo amlalamikie mama, kama alivyofanya tangu ana miaka miwili. Mama akainua kiganja.

"Sifongo iko pembeni ya bomba," mama akamwambia. "Na mgongo wa sufuria usiusahau. Wewe nakujua."

Alikwenda. Tulimsikia anafungua bomba kwa hasira, tukasikia kifuniko kimeanguka, kisha kingine, kisha neno ambalo hakufundishwa nyumbani. Mama aliutikisa mguu wake kila kilipoanguka kitu, nikajua anapambana na nafsi yake asiinuke kwenda kumpokea. Hakuinuka. Akarudi kwenye madirisha.

Michoro ya kliniki iliwahi. Pembeni, kwenye kile kisanduku, limekaa jina la wifi, na pa kusubiria pana madirisha ambayo kamati iliyasifu na mama akayasikia na hajaacha kuyasimulia. Dairekta hajaniletea mashine kubadilisha. Nilipomuuliza kuhusu wale kumi na sita wake, aliniambia yuko bize. Lakini haya yote yalikuja baadaye, na si ninayoyakumbuka zaidi. Ninachokikumbuka ni chai.

Ilikuwa alasiri ya siku ileile ya masufuria. Wifi alikuwa anachora ngazi za kliniki, mkono kwenye kipanya, macho kwenye kioo, koo limemkauka. Akaita, bila kugeuka, kama anayeita tu kwa kujaribu:

"Baba Kibogoyo! Kuna chai?"

Hakujibiwa. Maji yalikuwa yanamwagika jikoni. Wifi alingoja kidogo, nikaona bega lake linaanza kupanda, lile bega la mtu anayetaka kuinuka kwa mazoea, na mimi nikainuka haraka ili asiinuke yeye.

Mama akanishika mkono, kwa nguvu.

"Kaa," akaninong'oneza. "Hakukuita wewe."

Tukakaa wote watatu. Jikoni bomba likafungwa. Kukawa kimya, kimya kirefu, mpaka nikawa namwonea haya mdogo wangu kana kwamba ni mimi.

"Inakuja," akasema Dairekta.

Ilichelewa, na sukari alisahau, lakini ilikuja.